Olenguruone: Kituo kidogo cha Kuresoi kilichokula kiapo kabla ya Mau Mau

Abiria anayeshuka garini Olenguruone kwa mara ya kwanza, hasa alfajiri, hulijutia koti aliloliacha nyumbani. Ukungu wa msitu wa Mau huwa umetanda juu ya mashamba ya chai na viazi, na hauondoki mpaka jua lipande. Mbele yake ataona kituo cha biashara kisichotofautiana sana na vingine vya nyanda za juu za Bonde la Ufa: maduka ya mabati, soko, hospitali, makanisa, shule, na vijana wa bodaboda wanaosubiri wateja kando ya barabara. Anaweza kununua mahitaji yake na kwenda zake bila kudokezewa na yeyote kwamba katika vilima hivyo, miaka zaidi ya 80 iliyopita, wakulima wasio na silaha walikula kiapo ambacho baadaye kilikuja kuutikisa utawala wa Uingereza nchini Kenya.

Olenguruone iko katika wadi ya Amalo, eneobunge la Kuresoi Kusini, upande wa kusini magharibi wa Kaunti ya Nakuru. Hufikiwa kwa barabara itokayo Molo kupitia Keringet, ambayo huendelea hadi Silibwet katika Kaunti ya Bomet. Eneobunge lenyewe si la zamani. Kuresoi ilimegwa kutoka Molo kabla ya uchaguzi mkuu wa 1997, na ilipofika 2013 ikagawanywa tena: Kuresoi Kaskazini ikapewa wadi za Kiptororo, Nyota, Sirikwa na Kamara, na Kuresoi Kusini ikabaki na Amalo, Keringet, Kiptagich na Tinet.

Ukiyasoma majina hayo polepole utasikia ndani yake Kikalenjin, Kimaasai na hata Kiswahili. Sirikwa ni jina la watu wa kale ambao, kwa masimulizi ya Wakalenjin, waliishi nyanda hizi na kuacha mashimo yao ya kufugia ng'ombe kabla ya kutoweka. Amalo linafanana na Amala, mmoja wa mito inayozaa mto Mara. Olenguruone nalo lina sura ya Kimaasai, ingawa leo wakazi wengi wa kituo hicho ni Wakipsigis. Ni nadra kupata mahali ambapo jina, mkazi na mwenye hatimiliki wote ni wa asili moja, na hapa ndipo ugomvi wote wa Kuresoi unapoanzia.

WENYE ASALI

Kabla ya wote walikuwapo Waogiek. Jamii hii iliishi ndani ya msitu kwa kuwinda na kurina asali, na haikuuona msitu kuwa pori lisilo na mwenyewe. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake iliyojulikana mipaka, na sehemu hiyo ilipanda kutoka mabonde ya chini hadi vilele vya juu, ili warinaji waweze kufuata majira ya maua kadiri miti ilivyochanua mahali hadi mahali. Mizinga ilichongwa kwa magogo na kutundikwa juu ya miti. Asali ilikuwa chakula, ilikuwa pombe ya sherehe, na ilikuwa bidhaa ya kubadilishana na Wamaasai na Wakipsigis waliokuwa na mifugo.

Majirani hao, na baadaye Wazungu, waliwaita Wandorobo, neno lenye asili ya Kimaasai lililomaanisha watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Waogiek wenyewe hawalipendi jina hilo. Serikali ya kikoloni ililipenda, kwa kuwa mtu asiye na ng'ombe wala shamba ni rahisi kuhesabiwa kuwa hana kwao. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter kati ya 1932 na 1934 ilipendekeza kwamba watu hao waondolewe msituni na kuingizwa katika maeneo ya makabila makubwa waliyokaribiana nayo. Pendekezo hilo halikutekelezwa kikamilifu, lakini fikra yake haikufa, kama itakavyoonekana.

Nje ya msitu, malisho ya nyanda hizi yalikuwa ya Wamaasai. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, na mashamba ya Molo, Njoro na Nakuru yakapewa walowezi wa Kizungu. Upande wa kusini wa Mau ukabaki mpakani, kati ya Nyanda za Wazungu na hifadhi ya Wamaasai. Ni katika mpaka huo ambapo serikali ilikuja kupata mahali pa kuwaweka watu iliokosa pa kuwapeleka.

KIFAGIO

Watu hao walikuwa Wakikuyu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu yao waliondoka Kiambu, Murang'a na Nyeri kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wengine walikuwa wamenyang'anywa ardhi kwao, hasa pande za Limuru na Tigoni. Wengine walivutwa tu na wingi wa malisho. Waliitwa maskwota. Walowezi wa mwanzo walikuwa na ardhi kubwa kuliko uwezo wao wa kuilima, hivyo skwota alipewa kipande cha kulima na kulisha mifugo yake, naye akamfanyia mwenye shamba kazi kwa siku zilizokubaliwa kila mwaka.

Mpango huo uliwafaa wote wawili kwa muda. Kisha walowezi wakaanza kuona mbuzi na ng'ombe wa maskwota kuwa tishio. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mifugo hiyo ilifagiliwa kutoka mashambani, na maskwota wenyewe wakaupa msako huo jina la Kiswahili ambalo wazee waliendelea kulitaja kwa uchungu: kifagio. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo na mashamba ya maskwota zaidi.

Baadhi ya Wakikuyu hawakungoja kufagiliwa mara ya pili. Walikuwa wamekwisha kuvuka na kuingia Umaasaini, ambako walilima, wakauza mazao, wakaoa na kuozesha, na wengine wakapokewa kama wana wa familia za Kimaasai. Serikali haikupendezwa na hali hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 iliamua kuwatoa huko, na swali likawa ni wapi wapelekwe, maana kwao Kiambu kulikuwa kumejaa na tume ya Carter ilikuwa imeyafunga madai yao ya ardhi.

Jibu likawa Olenguruone. Mwaka wa 1941 mpango wa makazi ulianzishwa hapo, na familia hizo zikaanza kuhamia.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Wakazi hao na serikali walikubaliana juu ya kipande kile kile cha ardhi wakiwa na mawazo mawili yasiyopatana, na hilo ndilo lililozaa yote yaliyofuata.

Kwa wakazi, Olenguruone ilikuwa fidia. Walikuwa wamepoteza mashamba ya babu zao Kiambu, wakapoteza malisho katika mashamba ya walowezi, wakapoteza makao yao Umaasaini. Sasa serikali iliyowatoa kote huko ilikuwa imewapa mahali. Waliipokea ardhi hiyo kama Mkikuyu alivyoielewa ardhi ya ukoo, yaani iwe yao, igawiwe wana wao wote, na pasiwe na mtu wa kuwaambia wapande nini. Kwa maafisa wa serikali, watu hao walikuwa wapangaji katika mradi. Mpangaji hufuata masharti, na akiyavunja hutoka.

Masharti yalikuwa mengi. Wakulima walitakiwa kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko, kupanda mazao kwa zamu, kupumzisha sehemu ya shamba kwa kuiotesha nyasi, na kutozidisha idadi ya mifugo. Shamba halikuruhusiwa kukatwakatwa kwa ajili ya warithi. Zao walilolizoea la mahindi halikupendelewa, kwa hoja kwamba baridi ya vilima hivyo haikulifaa. Kitaalamu baadhi ya maagizo hayo yalikuwa na mantiki, na mkulima wa leo wa Kuresoi anayesubiri mahindi yake karibu mwaka mzima yakomae hawezi kumcheka sana bwana shamba wa 1942. Lakini hoja ya wakazi haikuwa juu ya mahindi. Waliona kwamba anayetia sahihi masharti ya upangaji anakiri kwamba ardhi si yake, na ushahidi huo utatumiwa dhidi yake na wanawe.

Wakakataa. Walilima walivyotaka, wakajenga shule yao huru isiyokuwa chini ya wamishonari, na wakakataa karatasi za serikali. Maafisa walituma maonyo, kisha wakawafikisha mahakamani.

KIAPO CHA WOTE

Viapo vilikuwapo kabla ya hapo. Chama cha Kikuyu Central Association, kwa kifupi KCA, kilikuwa kikiwaapisha wanachama wake, lakini kiapo hicho kilikuwa cha watu wachache: wanaume waliochujwa, walioaminika na waliolipa ada. Serikali ilikipiga chama hicho marufuku mwaka wa 1940, na viongozi wake wakawekwa kizuizini.

Olenguruone ilifanya jambo ambalo KCA haikuwa imelithubutu. Kati ya 1943 na 1944 hivi, wakazi walianza kumlisha kiapo kila mtu. Wanawake waliapa, vijana waliapa, na watoto pia wakaapa. Kiapo kilichokuwa siri ya chama kikawa agano la kijiji kizima, na alama zake zikawa za nyumbani kwa Wakikuyu, udongo na nyama ya mbuzi, mahali pa Biblia iliyokuwa ikishikwa katika kiapo cha awali cha chama. Shabaha yake ilikuwa ya karibu na ya kawaida kabisa: pasiwe na nyumba hata moja itakayokubali masharti ya serikali huku jirani yake akiyakataa.

Kuwaapisha wanawake kulikuwa na sababu iliyo wazi kwa yeyote anayejua maisha ya shambani. Mwenye kushika jembe kila siku alikuwa mama. Amri ya matuta ingetekelezwa kwa mgongo wake, na mume ambaye ameapa lakini mkewe hajaapa angekuwa ameapa nusu. Maafisa walizoea kuvunja umoja wa wanaume kwa kumpata mzee mmoja wa kukubaliana nao. Safari hii hawakujua waanzie mlango gani.

Habari za Olenguruone zilisambaa. Maskwota katika mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa walikuwa na jamaa huko, na kiapo kikawafuata jamaa hao. Wajumbe wakaenda Kiambu kutafuta msaada wa viongozi wa siasa, na kiapo kikasafiri nao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 utaratibu wa kuapisha umati mzima ulikuwa umeshika mizizi katika sehemu kubwa ya Ukikuyuni. Wanahistoria Tabitha Kanogo na David Throup, ambao vitabu vyao juu ya chimbuko la vita vya ukombozi vilitoka mwaka mmoja, 1987, wote wanaipa Olenguruone nafasi kubwa. Vitabu vya shule kwa muda mrefu vimeipa sentensi moja au mbili, na kurukia Nyandarua na Mlima Kenya ambako risasi zilisikika.

Msomaji asihadaiwe hapa na kufanana kwa majina. Msitu wa Mau ni jina la mahali; asili ya jina Mau Mau imebishaniwa kwa miongo mingi na haijaafikiwa. Kilichotoka Olenguruone ni desturi ya kuapa kwa pamoja, na hicho kinatosha.

MALORI YA KWENDA YATTA

Serikali ya Gavana Philip Mitchell iliona kwamba ikiiachia Olenguruone, kila mpango wa kilimo nchini utakataliwa. Kesi ziliamuliwa dhidi ya wakazi na amri za kuondoka zikatolewa. Kuanzia 1948 askari waliingia mashambani. Nyumba zilitiwa moto, mazao yakaharibiwa, mifugo ikakamatwa. Watu walipakiwa katika malori na kupelekwa Yatta, uwanda mkavu wa Ukambani, ambako mtu aliyezoea baridi ya Mau alikuta jua, vumbi na uhaba wa maji. Mwanzoni mwa 1950 kazi hiyo ilikuwa imekamilika.

Waliondoka wakiimba. Nyimbo za Kikikuyu kuhusu Olenguruone zilienea miaka hiyo katika mikutano na shule huru, zikasimulia mateso ya waliofukuzwa kwa watu ambao hawakuwahi kuviona vilima hivyo. Kwa Mkikuyu wa Nyeri au wa Nairobi, Olenguruone ilikuwa imekoma kuwa mahali na imekuwa hoja: kwamba kuitii serikali na kuipinga kuna mwisho mmoja, kufukuzwa.

Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti 1950, miezi michache baada ya lori la mwisho. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952.

WALIOKUJA BAADA YAO

Ardhi haikukaa tupu. Wakipsigis, waliokuwa majirani upande wa Kericho na Bomet, ndio waliokuja kuwa wakazi wengi wa Olenguruone. Kwao pia hii haikuwa nchi ya kigeni. Ukoloni ulikuwa umewanyang'anya ardhi nzuri kwa ajili ya mashamba makubwa ya chai, na familia iliyopata shamba Olenguruone iliamini kwa dhati kwamba imerudishiwa sehemu ya haki yake. Kwa njia hiyo kipande kimoja cha ardhi kilikwisha kuwa fidia ya watu wawili tofauti.

Uhuru ulileta wimbi jingine. Katika miaka ya 1960 na 1970 walowezi wa Molo na Kuresoi waliuza mashamba na kuondoka. Wakikuyu wengi, baadhi yao wana wa wale maskwota wa kale, walichanga fedha katika vyama vya ushirika na kampuni za ardhi wakanunua. Wakisii nao walinunua. Wengine waliuziwa na Wakipsigis mtu kwa mtu, mara nyingi kwa makubaliano ya mdomo mbele ya wazee, hati ikiahidiwa kufuata. Hati nyingine zilifuata, nyingine hazikufuata.

Kwa miaka mingi watu hao waliishi pamoja vizuri kuliko magazeti yalivyopata kuandika, kwa kuwa amani haina kichwa cha habari. Walikutana katika pareto. Ua hili jeupe la kutengenezea dawa ya wadudu lilipenda baridi ya Kuresoi, na Kenya ilikuwa muuzaji wake mkubwa zaidi duniani. Lilichumwa kwa mkono, likaanikwa, likapelekwa kwa ushirika, na hundi zake zilisomesha watoto wa kila kabila. Kisha malipo yakaanza kuchelewa, mwezi ukawa mwaka, na katika miaka ya 2000 wakulima wengi waling'oa maua yao kwa hasira. Viazi vilichukua nafasi yake, pamoja na maziwa, na karibu na msitu majani chai, ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeyapanda kama ukanda wa kuzuia uvamizi wa msitu chini ya mradi wa Nyayo ulioanzishwa 1986.

MIAKA YA MOTO

Desemba 1991 Bunge lilifuta kifungu kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja. Miezi michache baadaye Molo na Olenguruone zilikuwa zinawaka. Wanasiasa walikuwa wamegundua kwamba mpinzani aliyehama makwao hawezi kupiga kura, na kwamba swali la nani alitangulia kufika Mau linaweza kuulizwa kwa mishale. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliripoti mwaka wa 1992 kwamba watu 779 walikuwa wameuawa katika ghasia hizo nchini na 54,000 kuyahama makao yao. Mashirika ya haki za binadamu yalitoa idadi kubwa zaidi ghasia zilipoendelea. Wakikuyu wa Olenguruone waliondoka tena, wengine kwa barabara ile ile ya Molo.

Mambo yalitulia, yakafumuka, yakatulia. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa 1998, ilichunguza chimbuko la mapigano hayo, lakini ripoti yake ya 1999 ilikaa kabatini hadi 2002. Kuresoi haikuwa imepata nafuu ya kweli. Mashambulizi yalianza tena mwishoni mwa 2006 na kuendelea kwa vipindi mwaka wa 2007, miezi kadhaa kabla ya kura iliyobishaniwa ya Desemba 27. Ghasia zilipozuka nchi nzima, wakazi wengi wa Kuresoi walikuwa wamekwisha kuzikimbia nyumba zao; taifa lililoshtuka Januari 2008 lingeweza kuulizwa lilikuwa wapi Oktoba. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini, 744 kati ya hivyo katika Mkoa wa Bonde la Ufa.

Mei 2008 serikali ilianzisha operesheni ya Rudi Nyumbani. Wengine walirudi na kujenga upya, wengine waliuza kwa bei ya kutupa, wengine walirudi kulima mchana na kulala mjini usiku. Agosti 2012 wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin walitia sahihi mkataba wa amani wa Nakuru baada ya mazungumzo marefu, na chaguzi za 2013, 2017 na 2022 hazikuirudisha Kuresoi katika moto wa 1992 na 2008.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya msukosuko ambapo upande wa Keringet ulikuwa ukilea wanariadha. Baridi na milima iliyomchosha bwana shamba wa kikoloni imekuwa baraka kwa mapafu. Faith Kipyegon, aliyezaliwa 1994 na kulelewa kijiji cha Ndabibit, alishinda mbio za nyika za dunia kwa chipukizi mwaka wa 2011 akikimbia miguu mitupu. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Rio 2016, akarudia Tokyo 2021 na Paris 2024, jambo ambalo hakuna mwanariadha mwingine aliyewahi kulifanya katika mbio hizo. Julai 2025 alipunguza rekodi yake ya dunia hadi dakika 3 sekunde 48.68. Jina la Kuresoi, lililozoeleka katika ripoti za tume, likasikika kwa mara ya kwanza na watu wengi likihusishwa na furaha.

KARATASI ZA MSITU

Tofauti na mashamba, ugomvi wa msitu haukuhitaji uchaguzi ili uendelee. Msitu wa Mau, wenye ukubwa wa karibu hekta 400,000, hutoa maji ya mito Mara, Sondu, Njoro, Molo na Ewaso Nyiro ya kusini, na kwa hivyo Ziwa Victoria, Ziwa Nakuru, Ziwa Baringo na mbuga za Maasai Mara na Serengeti vyote vinautegemea. Mwaka wa 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 61,000 za Mau kutoka orodha ya misitu iliyohifadhiwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwapa makao watu wasio na ardhi, wakiwemo Waogiek. Sehemu kubwa ilikwenda kwa wengine, wakiwemo vigogo.

Miti ilipokatwa na mito kupungua, serikali iliyofuata ikabadili wimbo. Jopokazi la Mau liliripoti 2009, na Novemba mwaka huo maelfu ya watu walitolewa upande wa kusini magharibi wa msitu. Walipiga kambi za mahema na plastiki pembezoni mwa msitu, kama ile ya Kapkembu, katika mvua na baridi, wengi wao wakiwa na karatasi walizosema walipewa na maafisa wa serikali. Hata bwawa la Itare, lililoanza kujengwa 2017 ili kuipelekea Nakuru maji, lilikwama 2018 baada ya mwanakandarasi wake kutoka Italia kuishiwa fedha, huku mashine zikiachwa kimya kando ya msitu.

Waogiek wa Tinet, jirani na Olenguruone, walikuwa wamechagua njia nyingine. Walipotakiwa kuondoka mwaka wa 1999 walikwenda Mahakama Kuu wakidai msitu ni nyumba ya mababu zao. Machi 2000 walishindwa; mahakama iliona kwamba watu wanaolima, kujenga maduka na kupeleka watoto shule hawawezi tena kujiita watu wa msitu. Kwa maneno mengine, walihukumiwa kwa kuishi kama Wakenya wengine.

Oktoba 2009 wakapewa notisi ya siku 30 ya kuondoka Mau. Safari hii malalamiko yalifika Arusha, mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mei 26, 2017, mahakama hiyo iliamua kwamba Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika, ikawatambua Waogiek, wapatao 20,000, kuwa jamii asilia ya Mau, na ikakataa hoja kwamba wao ndio wanaouharibu msitu. Juni 23, 2022, iliamuru walipwe Sh157.85 milioni na ardhi yao iwekewe mipaka na kupewa hatimiliki ya pamoja.

Novemba 2023, mwaka mmoja na miezi mitano baada ya amri hiyo, walinzi wa misitu walifika Sasimwani, upande wa Narok wa msitu huo huo, wakaanza kubomoa na kuchoma nyumba za Waogiek.